Mama Aliyekataa Kupita

Huku kwetu Maniema ya kusini watu wengi hawasemi daraja, husema kilalo. Nitatumia maneno yote mawili, kwa maana habari ninayotaka kuwasimulia ilianzia kwenye kilalo cha magogo karibu na Kasongo, ikanipitisha ukingoni mwa Lualaba pale Nyangwe, na kunifikisha kwenye daraja la waenda kwa miguu katika mji mkubwa wa Dar es Salaam. Ni habari ya mama mmoja aliyekataa kupita mahali tulipomtaka apite. Nimeibeba moyoni miaka mingi. Naiandika leo kwa sababu naona katika vikundi vyenu vijana wenye nguvu na werevu kama tulivyokuwa sisi, nami nisingependa mwanguke pale tulipoanguka.

Nilikuwa na umri wa miaka 19. Kati ya mashamba yetu na soko kulikuwa na kijito. Wakati wa kiangazi mtu alikivuka bila hata kupandisha nguo. Mvua zilipoanza, maji yalifika kiunoni, mara nyingine kifuani, nayo yalikwenda kwa kasi. Akina mama waliopeleka sombe, mawese na muhogo sokoni walilazimika kujitosa na mizigo vichwani, au kuzunguka kwa njia ndefu iliyowapotezea asubuhi nzima. Tukakutana vijana watano. Tukakata magogo matatu, tukayalaza juu ya kijito, tukayafunga kwa kamba za porini. Kazi ilituchukua siku nne. Siku ya soko ilipofika watu walipita wakitushukuru, na bibi mmoja akatuachia chane ya ndizi. Sijapata tena kula ndizi tamu kama zile.

Baada ya majuma matatu kamba zililegea. Tukasema ni haki kila apitaye achangie kidogo, ili tununue misumari. Tukaweka mwanzi mlangoni mwa kilalo, mfano wa vile vizuizi vya barabarani ambavyo hakuna msafiri wa kwetu asiyevijua, tukatangaza bei: faranga 100 kwa mtu wa miguu, faranga 300 kwa mwenye baiskeli. Misumari tuliinunua mara moja. Tangu hapo fedha zikawa zetu. Tulizigawana jioni chini ya mwembe, na kila mmoja akajiona mtu mzima.

Asubuhi moja ya soko alifika mama mmoja, mtoto mgongoni, kikapu cha sombe kichwani, bidoni ndogo ya mawese mkononi. Alisema kwa upole: "Wanangu, nipisheni. Sijauza bado. Nikirudi jioni nitawalipa."

Zamu ya kushika mwanzi ilikuwa yangu. Nikamjibu: "Mama, kilalo hakikopeshi."

Wenzangu wakacheka, nami nikafurahi kwa kuwa nimewachekesha.

Hakubishana nami. Alimvuta mtoto juu zaidi mgongoni, akakaza kitenge, akashuka majini hatua chache kando ya kilalo chetu. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni, kisha karibu na kifua. Alipokuwa katikati mguu wake uliteleza. Kikapu kikamponyoka, na sombe yote ikatawanyika juu ya maji ikaenda zake. Mtoto alimshika, bidoni aliishika. Sasa hapakuwa na aliyecheka. Nikainua mwanzi, nikapaza sauti: "Mama, rudi! Pita bure!" Hakugeuka. Nikakimbia juu ya magogo mpaka ng'ambo, nikainama, nikamnyoshea mkono ili nimtoe. Aliutazama mkono wangu, kisha akashika mzizi wa mti, akapanda mwenyewe. Akakamua kitenge chake, akaenda sokoni na mawese yake.

Jioni alirudi. Katika fundo la kitenge chake mlikuwa na fedha, niliziona. Aliweza kulipa. Hata hivyo alishuka tena majini na kuvuka kama alivyovuka asubuhi, nasi tukiwa tumesimama palepale na mwanzi wetu, hatuna neno.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile tuliuondoa mwanzi. Hatukuuondoa. Ulikaa pale mpaka mvua kubwa zilipoyachukua magogo. Ndipo nikajifunza jambo ambalo sikulitazamia. Tulipita nyumba kwa nyumba kuomba watu watusaidie kujenga upya, na kila mahali tulijibiwa jibu lile lile: "Kile kilikuwa kilalo chenu." Walisema kweli. Siku ya kwanza watu walikiona kilalo kuwa chao, hata wakaleta ndizi. Siku tuliyoweka mwanzi tuliwanyang'anya. Tulidhani tunachukua faranga mia, kumbe tulikuwa tunachukua kilalo chenyewe.

Lakini macho ya mama yule, alipoutazama mkono wangu, sikuyaelewa mpaka nilipofika Nyangwe.

Nilikwenda huko pamoja na yaya yangu kwa msiba wa jamaa. Nyangwe iko ukingoni mwa Lualaba, upande wa mashariki. Daraja hakuna. Anayetaka kwenda ng'ambo huingia mtumbwini, kama walivyofanya wazee wa wazee wetu. Wagenya ndio waliokuwa mabwana wa mitumbwi, na wageni wenye nguvu za kila namna walijikuta wakiwategemea. David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, baada ya kukwama miezi mingi Kabambare kwa vidonda vya miguu. Alikaa mpaka Julai akitafuta mitumbwi ya kuendelea na safari, asiipate. Mwaka 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, akapatwa na yale yale. Na mwezi wa Machi 1893, jeshi la dola ya mfalme Leopold lilipotaka kuuteka mji wa Nyangwe, lilivuka mto kwa mitumbwi ya Wagenya. Kwenye mto mkubwa, aliye na chombo cha kuvukia ndiye anayeamua nani afike na nani abaki.

Hata hivyo mitumbwi ile haikuwekwa kwa ajili ya wageni. Ilikuwa ya soko. Soko la Nyangwe lilikutana kila siku ya nne, na Livingstone, aliyependa kwenda kulitazama, aliandika kwamba lilikusanya watu wapatao 3,000, wengi wao wanawake. Walitoka pande zote mbili za mto na samaki, chumvi, vyungu, mawese, kuku na muhogo. Aliandika pia kwamba hata pale vijiji vilipokuwa vitani, wanawake waliokwenda sokoni hawakuguswa. Fikirini jambo hilo. Wanaume waliokuwa wakipigana walikubaliana kwamba njia ya mama mwenye kikapu isifungwe.

Tarehe 15 Julai 1871 amani hiyo ilivunjwa. Sokoni palikuwa na watu wapatao 1,500. Watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka pwani waliingia sokoni, na mmoja wao akawa anabishania bei ya kuku. Muda mfupi baadaye bunduki zikalia. Watu wakakimbilia mitumbwi, ambayo ilikuwa hamsini au zaidi, imefungwa kwenye ghuba nyembamba ya mto. Wote walipoikimbilia kwa mara moja ikabanana, haikuweza kutoka. Kundi jingine la wenye bunduki, lililokuwa karibu na maji, likawapiga risasi palepale. Wengi wakajitupa mtoni wakiogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali, na mto ukawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaandika aliyoyaona juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda ya porini, kwa sababu karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Maneno hayo yalipofika Uingereza mwaka 1872 yalitia nguvu madai ya kukomesha biashara ya watumwa, na mnamo Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa katika nchi yake.

Historia hiyo nilikuwa nimeisikia shuleni, kama mnavyoisikia ninyi. Lakini yaya yangu, ambaye ni mwalimu, alinisimulia pale ukingoni sehemu moja niliyokuwa sijaisikia. Dugumbe, mmoja wa wakubwa wa wafanyabiashara hao hao, aliingiza watu wake mtumbwini wakawaopoa waliokuwa wakizama. Waliokolewa 21. Lakini mwanamke mmoja alikataa kupanda. Alidhani kwamba akipandishwa mtumbwini atafanywa mtumwa. Akaona heri abahatishe uhai wake kwa kuogelea.

Yaya aliponyamaza, nilimwona mama wa kijito chetu. Niliona macho yake juu ya mkono wangu.

Msinielewe vibaya. Siwalinganishi vijana watano na mwanzi wao na watu waliomwaga damu Nyangwe. Sisi hatukumuua mtu, na hasara tuliyomtia mama yule ilikuwa kikapu kimoja cha sombe. Lakini wanawake hao wawili walikuwa wamejua jambo moja. Mkono unaokunyang'anya asubuhi hauwezi kugeuka kuwa mkono wa kukuokoa adhuhuri kwa sababu tu umenyoshwa. Mtu hupima kwanza ni mkono wa nani. Mtumbwi ulikuwa mzima, nafasi ilikuwamo, na mwanamke alikuwa anazama. Kilichokosekana ni kuaminika kwa mwenye mtumbwi. Magogo yetu nayo yalikuwa imara. Aliyekuwa ameoza ni mimi, mshika mwanzi.

Miaka kadhaa baadaye biashara ya vitenge ilinifikisha Dar es Salaam. Nilishika njia ile ile ya misafara ya zamani, ila kwa pikipiki, meli na garimoshi: Kabambare, kisha Ziwa Tanganyika, Kigoma, Tabora, mpaka pwani. Nilipata malazi Manzese kwa mwenzetu wa kwetu. Barabara ya Morogoro inaipasua Manzese katikati kama mto: daladala, malori, pikipiki, na katikati mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016. Anayeishi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili anao mto wa kuvuka kila siku, asubuhi na jioni, na maji ya mto huo ni chuma.

Juu ya barabara hiyo limewekwa daraja la watu wa miguu. Limekuwa sehemu ya mji kiasi kwamba kituo chenyewe huitwa Manzese Darajani, na mtu akikuelekeza nyumba au duka huanza kwa kukuuliza kama unalijua daraja. Siku yangu ya kwanza nilipanda ngazi nikiwa nimeshika shilingi mkononi. Nilitazama huku na huku nimtafute mwenye kukusanya. Hakuwapo. Watu walipita tu: mwanafunzi na begi lake, mchuuzi na mzigo wa mitumba begani, mama na sufuria ya vitumbua, kijana aliyevaa suti. Nikarudisha shilingi mfukoni, na nawaambia kweli, niliona aibu, ingawa hakuna aliyenijua.

Nilikaa Manzese majuma mawili, na kila jioni nilisimama juu ya daraja lile kwa muda. Nilichojifunza pale ni kwamba mji hauonyeshi heshima yake kwa watu kwenye barabara ya wenye magari peke yake. Mwenye gari hupita popote pana lami. Asiye na kitu ila miguu yake ndiye anayehitaji afikiriwe. Mtu aliyeamua kwamba fedha za wote zitumike kumjengea muuza vitumbua njia yake juu ya magari alikuwa amemhesabu muuza vitumbua miongoni mwa wenye mji.

Lakini jioni moja niliona na jambo la pili, nalo lilinizuia nisilisifu daraja lile kupita kiasi. Chini ya ngazi alisimama mzee mwenye magongo mawili. Alizitazama ngazi, akaitazama barabara. Kisha akaenda ukingoni mwa barabara, akangoja, na kijana mmoja akamshika mkono wakavuka pamoja katikati ya magari. Siku nyingine nilimwona msukuma mkokoteni akifanya vivyo hivyo, maana mkokoteni haupandi ngazi. Daraja halikuwadai hata senti moja, na bado halikuwapitisha. Nikaelewa kwamba mwanzi si lazima uwe mwanzi. Ngazi inaweza kuwa mwanzi. Mjenzi anaweza kuwa na nia njema kabisa na bado akamfungia mtu njia, kwa kuwa hakumuuliza anavyotembea.

Niliporudi Kasongo kijito chetu kilikuwa bado hakina kilalo. Akina mama walikuwa bado wanavuka majini. Niliwatafuta wenzangu wanne. Wawili walikuwa wamehama, wawili nikawapata. Tukaenda kwa wazee wa pande zote mbili za kijito, na mbele yao nikasimulia habari ya mama yule, na maneno niliyomwambia, bila kupunguza. Mzee mmoja akasema kwamba anakumbuka mwanzi wetu vizuri, kwa kuwa naye aliulipa. Watu wakacheka kidogo, na kicheko hicho kilitufaa, kwa sababu baada yake waliweza kutusikiliza.

Tuliomba salongo ya siku sita. Kabla ya kukata gogo hata moja tuliwaita akina mama waendao sokoni tukawauliza wanataka kilalo cha namna gani. Sisi vijana tulikuwa tumewaza upana wa kupitisha pikipiki, kwa maana pikipiki huleta fedha. Wao hawakutaja pikipiki. Walitaka mambo matatu: pawe na mahali pa kushika mkono pande zote mbili, kwa kuwa mwenye mzigo kichwani hatazami miguu yake, upana utoshe vikapu viwili kupishana, na mwanzo wa kilalo usiwe na kidato cha kuruka, kwa sababu ya wazee na wajawazito. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo sisi tungelifikiria. Walituuliza pia swali moja: "Mwanzi mtauweka wapi?" Tukawajibu kwamba hautawekwa. Sidhani kama walituamini siku ile, wala sikuwalaumu.

Juu ya pikipiki tulibishana sana. Mwisho tulikubaliana kwamba ipite ikiwa imezimwa, ikisukumwa kwa mkono, na kwamba mwenye mzigo kichwani apite kwanza. Matengenezo nayo tuliyagawa: kila upande wa kijito unatoa watu wawili wa kukagua magogo na kamba, na kabla ya mvua kila kijiji kinatoa siku moja ya kazi. Asiye na fedha hutoa mikono, na asiye na nguvu huleta chakula cha wafanyakazi. Mvua tatu zimepita. Mara mbili gogo limeoza, na mara mbili limebadilishwa bila mtu kutumwa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi ningeongeza kwamba ukiona vinadumu, ujue vina wenyewe.

Mama yule nimemtafuta. Sikuwahi kulijua jina lake. Nimeuliza katika vijiji vilivyo karibu, lakini namna ya kumweleza ninayo moja tu, kwamba alikuwa na mtoto mgongoni na kikapu cha sombe, na akina mama wa namna hiyo ni wengi mno kwetu. Mtoto yule sasa ni kijana wa rika lenu. Huenda amekaa katika kikundi kimoja nanyi. Siku za soko, nikipata nafasi, husimama kando ya kilalo na kutazama nyuso za wanaopita. Wengi hupita wakiongea, hawakitazami hata kidogo. Hapo ndipo moyo wangu hutulia, kwa maana mtu akipita bila kuwaza kwamba atazuiwa, kilalo kimefanya kazi yake.

Vijana wapendwa, mtakapokutana katika vikundi vyenu, zungumzeni juu ya mambo haya kwa kutaja mahali halisi mnapoishi. Ni nani kati ya jirani zenu anayepita majini ilhali kando yake pana daraja? Je, anazuiwa na bei, au na ngazi, au na kumbukumbu ya mtu aliyemcheka siku moja? Na katika kazi mliyoianza kwa nia njema kwa ajili ya watu, je, hamjaweka mwanzi mahali? Kama mmeuweka, uondoeni mapema, leo ikiwezekana. Mimi nilichelewa, na kikapu cha sombe kilikwenda na maji.